SADAKA AU SHARIKA? HAKI YA ASIYEONA KATIKA KAZI YA MIKONO YAKE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



SWALI LA IJUMAA HII

Swali letu ni hili: mtu asiyeona, mwenye mikono mizima na akili timamu, anatudai nini?

Wengi wetu tutajibu haraka kwamba anatudai sadaka. Tunampa franka mia mbili au mia tano, tunapokea dua yake, tunakwenda zetu na moyo mwepesi. Sadaka ni ibada, na karatasi hii haikuja kuipunguza. Aliye mgonjwa, mzee sana au aliyeelemewa ana haki yake katika mali zetu, na haki hiyo haiondoki. Lakini nakuomba utafakari pamoja nami jibu la pili ambalo ni zito zaidi: kwamba asiyeona anatudai pia kazi. Wala si kazi ya kuonewa huruma, bali kazi yenye mkataba, kipimo, bei na hesabu, kama anavyodai fundi mwingine yeyote wa mji huu.

Usidhani tofauti ya majibu hayo ni ndogo. Anayepokea sadaka yako leo, kesho hana la kusema usipompa. Anayekuuzia bidhaa ana haki ya kukudai, na mkikosana mtasimama mbele ya mwamuzi mkiwa sawa. Wa kwanza anaishi kwa hali ya moyo wako. Wa pili anaishi kwa haki yake. Jiulize wewe mwenyewe, ungependa mtoto wako asiyeona awe yupi kati ya hao wawili siku utakayokuwa kaburini.

NI NANI TUNAOWAZUNGUMZIA

Hapa kwetu Tshopo upofu una historia yake. Mito yenye maji ya kasi huzaa inzi weusi wadogo wanaouma mchana, na hao ndio wanaoeneza ugonjwa ambao waganga wa hospitali huuita onkoserkozi, yaani upofu wa mto. Minyoo huingia mwilini, hukaa miaka mingi, vijidudu vyake huleta mwasho wa ngozi, na mwisho hushika macho. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck hutoa dawa ya Mectizan bure kwa ajili ya ugonjwa huo, na vijijini dawa hiyo hugawanywa na wanakijiji wenyewe. Ukiletewa, imeze, na usimzuie jirani yako kuimeza. Lakini ujue kwamba dawa huzuia ugonjwa usiendelee. Jicho lililokwisha kufa halifufui. Ongeza hapo mtoto wa jicho, presha ya macho, surua kwa watoto, ajali, na vita ambavyo mji huu unavijua vizuri tangu mabomu ya siku sita za Juni 2000.

Nimetaja hayo kwa sababu moja. Miongoni mwa vipofu wetu wapo waliokuwa wavuvi, wakulima, wasusi na mafundi kabla ya giza kuwafika. Mtu aliyefuma nyavu miaka ishirini kisha akapoteza macho hakupoteza wavu uliomo vidoleni mwake. Sisi ndio tuliomwambia aketi. Tulimnyang'anya kazi kwa upole, tukamwekea bakuli mbele yake, tukaita jambo hilo huruma.

MFANO WA MUADHINI

Unaijua sura ya Abasa, na unamjua aliyekuwa sababu ya kuteremka kwake: Abdullah bin Umm Maktum, sahaba asiyeona, aliyekuja kutafuta elimu wakati Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Sura hiyo tunaisoma mara nyingi ili kuonya juu ya kumkunjia uso mnyonge. Ni sawa. Lakini wengi huishia hapo, hawaulizi mtu huyo alipewa nini baadaye.

Alipewa kazi. Alikuwa muadhini wa Mtume pamoja na Bilal. Zaidi ya mara moja Mtume alipotoka Madina alimwacha yeye awe kaimu wake na kuwasalisha watu. Na katika habari ya adhana yake kuna jambo ambalo kila mwenye kiwanda angelitundika ukutani. Imepokewa katika Bukhari kwamba Ibn Umm Maktum hakuwa akiadhini Alfajiri mpaka aambiwe kwamba kumekucha.

Tazama hekima iliyomo. Kuadhini Alfajiri ni kazi moja yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kutazama upeo wa mbingu na kujua kwamba alfajiri imetoka, nayo inahitaji jicho. Sehemu ya pili ni kunyanyua sauti na kuwaita watu, nayo haihitaji jicho hata kidogo. Hawakusema: kwa kuwa hawezi sehemu ya kwanza, basi hafai kuwa muadhini. Jirani alichukua sehemu ya jicho kwa neno moja tu, na adhana ikabaki kuwa ya Ibn Umm Maktum. Huo ndio mpango wote wa kazi ya asiyeona. Igawe kazi katika hatua zake, tafuta ni hatua ipi inayotaka jicho, mpe mwenye jicho hatua hiyo, na zilizobaki waachie mikono.

Mkumbuke pia yule Ansari aliyekuja kwa Mtume kuomba. Mtume alimuuliza kwanza ana nini nyumbani. Alikuwa na tandiko na chombo cha kunywea maji. Vikaletwa, Mtume akavinadi mbele ya watu, vikauzwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha nyumbani, moja ya kununua shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamwambia aende akakate kuni na wasionane kwa siku kumi na tano. Alirudi ana dirhamu kumi. Yule hakuwa kipofu, lakini fundisho ni letu sote. Kabla ya kumpa mtu mali yako, muulize ana nini. Na mtaji bora ni ule unaotiwa mpini.

MKONO UNAONA NINI

Utasema: Sheikh, haya ni mazuri, lakini kiwandani kuna mashine, kuna visu, kuna vipimo. Kipofu atafanya nini?

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaona rundo la chakula. Juu lilikuwa kavu. Akatia mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Jicho la kila mpita njia lilidanganyika siku ile. Mkono ndio uliotambua ghishi. Kwa hiyo usiseme kwamba asiyejua kwa jicho hajui.

Mfanyabiashara wa magari Henry Ford wa Marekani alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1922 kwamba kazi za kiwanda chake zilihesabiwa moja moja, zikapatikana 7,882. Wakauliza kila kazi inataka nini hasa katika mwili wa mtu. Wakakuta kwamba kazi 2,637 zinaweza kufanywa na mtu wa mguu mmoja, 715 na mtu wa mkono mmoja, na 10 na vipofu. Utasema kumi ni chache. Ni chache kweli, na ningependa kujua vipofu wenyewe wangehesabu ngapi kama wangeulizwa wao. Lakini ameandika pia kwamba kipofu mmoja aliwekwa katika stoo kuhesabu misumari ya parafujo na nati zake, pale walipokuwa tayari wazima wawili. Baada ya siku mbili msimamizi aliandika barua kwamba wale wawili wapelekwe kazi nyingine, kwa sababu kipofu anafanya kazi yake na yao pia. Basi jambo la kujifunza kwake ni kule kuketi na kuchunguza kazi moja moja kabla ya kusema haiwezekani.

Na mapema zaidi, mjini Baghdad, aliishi mwanachuoni Zaynuddin al-Amidi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14. Alikuwa kipofu na alikuwa akiuza vitabu. Ili ajue bei ya kila kitabu, alisokota karatasi nyembamba akaiumba herufi za hesabu, akaibandika ndani ya jalada, akawa anaisoma kwa vidole. Hayo yalikuwa miaka zaidi ya 500 kabla ya Mfaransa Louis Braille kutunga maandishi yake ya nukta. Na katika zama zetu, Sheikh Abdulaziz bin Baz alipoteza macho akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akafa mwaka 1999 akiwa Mufti Mkuu wa Saudia.

Sasa rudi nami Kisangani, tufanye hesabu yetu. Fagio za njukuti za mchikichi: kuchambua njukuti, kuzilinganisha urefu kwa kibao cha kipimo, kufunga, kukaza. Mikono tupu. Mikeka, vikapu na viti vya kamba za msitu: mikono. Nyavu: mikono. Mito na magodoro ya kujaza: mikono. Sabuni ya mawese: hatua ya kupika na kutia soda kali apewe mwenye macho, maana huunguza, lakini kukata vipande katika sanduku lenye mifereji, kupiga muhuri, kuhesabu na kufunga, hayo yote asiyeona huyafanya. Chaki za shule: kumimina katika kalibu, kutoa, kuanika, kupanga katika boksi. Wazee wetu wanaikumbuka SOTEXKI ilivyokuwa ikifuma vitenge hapa mjini, na wanajua kwamba mji unaotengeneza vitu vyake una kazi za mikono za kila aina. Hatungojei SOTEXKI nyingine. Tunasema tu: katika kidogo tunachotengeneza, asiyeona asibaki nje.

SHERIA YA DINI IMEFUNGA MLANGO?

Wako wanaosema: tumesoma katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi kwamba kipofu hauzi wala hanunui. Wamesoma nusu ya ukurasa.

Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu kuuza na kununua kitu kilicho mbele yenu kuna sharti la kukiona, kwa hiyo asiyeona huweka wakili. Wanavyuoni wa madhehebu mengine matatu wamemruhusu auze na anunue mwenyewe kwa kugusa, kunusa, kuonja na kuelezwa. Lakini soma mbele katika vitabu hivyo hivyo vya Shafi, katika Minhaj ya Imam Nawawi na sherehe zake. Utakuta mambo mawili. La kwanza, kipofu anaweza kuiajiri nafsi yake, yaani kufanya kazi kwa ujira. La pili, mkataba wa salam unasihi kwake.

Salam ni nini? Ni kununua kwa kuagiza. Mnunuzi analipa bei yote siku ya kuandikiana, na muuzaji anawajibika kuleta bidhaa iliyoelezwa: aina yake, idadi yake, ukubwa wake, ubora wake, siku na mahali pa kuipokea. Umeona? Sharti lile liliwekwa ili asiyeona asidanganywe sokoni; halikuwekwa ili afukuzwe sokoni. Na mkataba ulioachwa wazi kwake ndio mkataba anaouhitaji kuliko wote, kwa sababu unampa mtaji kabla ya kazi na mnunuzi kabla ya bidhaa.

Tuchukue mfano. Wewe ni mkubwa wa shule, na kila muhula unanunua fagio 200. Tuseme fagio moja ni franka 1,500. Jumla ni franka 300,000. Badala ya kuzinunua siku ya kufungua shule kwa mchuuzi yeyote, unawaagizia mafundi sita wasioona miezi miwili kabla, unalipa, mnaandikiana. Kwa fedha hizo wananunua njukuti na kamba, wanamlipa mwenye pusupusu, na wanabaki na ujira wao. Hukutoa franka hata moja zaidi ya ile ambayo ungetoa. Wala hukutoa sadaka, umenunua fagio. Na wakishindwa kuleta kwa siku yake kwa kukosa bidhaa, sheria inakupa hiari: ungoje, au urudishiwe fedha yako. Hayo ndiyo maadili ya soko, nayo yanawaheshimu kuliko bakuli.

Kuna na njia ya pili, mudharaba. Mwenye mali anatoa mtaji, asiyeona anatoa kazi na ufundi, faida inagawanywa kwa sehemu mliyopatana, nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili. Hasara ikitokea bila uzembe wala hiana, mwenye mali hupoteza mali, mwenye kazi hupoteza jasho lake. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba washirika wawili wana wa tatu wao, naye ni Mwenyezi Mungu, muda wa kuwa mmoja hajamhini mwenzake. Ni mwenye duka gani anayeikataa sharika ambayo Mola wake amo ndani yake?

MATAIFA MENGINE YAMEFANYA NINI

Mwaka 1938, katika utawala wa rais Franklin Roosevelt, Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Wagner-O'Day. Ofisi za serikali zilitakiwa kununua fagio, vitambaa vya kupigia deki na vitu vingine kutoka viwanda vya vipofu, kwa bei iliyopangwa na tume maalumu. Mwaka huo huo likaundwa shirika la National Industries for the Blind ili kugawanya maagizo kwa viwanda hivyo. Sharti likawa kwamba robo tatu ya saa za kazi ya mikono zifanywe na vipofu wenyewe. Tangu mwaka 1952 vimekuwa vikitengeneza kalamu za ofisi za serikali. Mwaka 1971 sheria ikapanuliwa iwafikie wenye ulemavu mwingine. Angalia walichoanza nacho: fagio. Na angalia kilichowasimamisha: agizo la uhakika.

Jirani zetu nao wana hatua zao. Mjini Machakos, Kenya, kuna chuo cha ufundi cha wasioona kilichoanzishwa mwaka 1958. Serikali ya Kenya imeweka pia fungu la asilimia 30 ya manunuzi yake kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Tanzania kwa sheria ya mwaka 2010 imemtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Na Kongo yetu haikukosa maandiko. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Maandiko yapo. Lakini sheria haifungi njukuti, na ufundi usio na mnunuzi humrudisha fundi barabarani akiwa na cheti mfukoni. Kati ya sheria na fundi anahitajika mtu wa tatu, naye ni mnunuzi. Na mnunuzi ni wewe.

MAONYO MATATU

Ndugu msomaji, shetani akishindwa kukuzuia kufanya heri, huingia ndani ya heri yenyewe. Kwa hiyo shika maonyo matatu.

Onyo la kwanza ni ujira. Hapa ndipo watu wema wengi huteleza. Husema: kipofu hufanya polepole, basi nimlipe nusu, tena ashukuru, nani mwingine angemchukua? Katika Marekani ile ile niliyoisifu, sheria nyingine ya mwaka huo huo 1938 iliruhusu mwenye ulemavu alipwe chini ya kima cha chini cha wafanyakazi wengine. Vipofu walipounda shirikisho lao mwaka 1940 walilipinga jambo hilo, na likapingwa kwa miaka mingi. Mpaka mwaka 2022 ndipo tume ya maagizo hayo ilipoyakataza malipo ya namna hiyo katika mikataba yake. Hesabu mwenyewe: miaka 84.

Sisi tusingoje miaka 84. Kipimo ni chepesi. Ukilipa kwa fagio, fagio nzima ina bei moja, awe ameifunga anayeona au asiyeona. Mwenye macho akifunga 20 kwa siku na asiyeona akafunga 14, huyu atalipwa 14 na yule 20, na hapo hakuna aliyedhulumiwa. Lakini ukilipa fagio ya kipofu nusu ya bei, kisha ukaiuza sokoni kwa bei ile ile ya nyingine, ile nusu umeila wewe. Mtume Shuaib (a.s.) aliwaonya watu wake wasiwapunje watu vitu vyao, na kazi ya mtu ni kitu chake. Katika Hadithi Qudsi, Mwenyezi Mungu amejitangaza kuwa mgomvi wa watu watatu siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Je, utamwambia nini Mgomvi huyo? Kwamba mfanyakazi alikuwa haoni?

Tena kabla ya kusema kwamba ni mzito, tazama uzito umetoka wapi. Ukimhamishia njukuti kila asubuhi, ukamwacha azitafute kwa kupapasa, kisha ukamwita mzembe, uzembe ni wako. Kila kitu kikae mahali pamoja, njia ya kupita iwe wazi, kibao cha kipimo kiwe na alama ya kugusa. Huko si kumpendelea. Mwenye macho naye humwashia taa.

Onyo la pili ni jina. Kati ya Kinshasa na Brazzaville, katika bandari ya Ngobila, kwa miaka mingi watu wenye ulemavu walipata nafuu ya ushuru katika kivuko. Wengi wao walijipatia riziki kwa jasho lao. Lakini wako wafanyabiashara wazima waliopitisha mizigo yao chini ya jina la mwenye ulemavu, wakampa malipo madogo, nafuu yenyewe wakabaki nayo wao. Usifanye hivyo. Usiandike juu ya bidhaa kwamba imetengenezwa na vipofu ilhali vipofu wawili wameketi mlangoni kupigwa picha na kazi inafanywa na wengine. Hiyo ni ghishi maradufu: umemdanganya mnunuzi, na umemuuza kipofu.

Onyo la tatu ni hesabu. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inazungumzia kuandikiana deni. Ndani yake Mwenyezi Mungu ameamuru kwamba mdaiwa akiwa hawezi kutamka mwenyewe, basi msimamizi wake atamke kwa uadilifu, na wawepo mashahidi. Chukua hekima hiyo. Mkataba na asiyeona usomwe kwa sauti mbele ya mashahidi, na msomaji awe yule aliyemchagua yeye; asichaguliwe na wewe. Fedha ihesabiwe mkononi mwake mbele ya mtu wake. Daftari la mauzo lisomwe kila mwisho wa mwezi. Mtu mwaminifu hakasiriki akiambiwa ahakikiwe.

NA ASIYEONA NAYE

Haki ina upande wa pili, na nisipousema nitakuwa nimewadharau ndugu zetu. Ewe ndugu usiyeona, utakayesomewa karatasi hii: ukiingia sokoni kwa haki, umeingia pia kwa wajibu. Fagio inayofumuka siku ya tatu ni mbovu, na macho yako si udhuru wake. Usipokee agizo usiloliweza. Ukichukua fedha ya salam, ni deni shingoni mwako mpaka bidhaa ifike. Na ukiambiwa kazi yako ina kasoro, usilie kwamba umeonewa. Ikague kwa vidole vyako, uitengeneze.

Na wewe mnunuzi, usinunue fagio mbovu kwa huruma, kisha ukaitupa nyuma ya nyumba. Hiyo ni sadaka iliyovaa nguo ya biashara, nayo inamfundisha fundi kwamba kazi yake haina kipimo. Deni lako kwake ni nafasi ya kwanza ya kuagizwa, ukaguzi wa haki na malipo kwa wakati. Akitimiza, rudi kwake. Asipotimiza, mwambie kweli, umpe nafasi ya kurekebisha, kama unavyomfanyia fundi cherehani wako.

LA KUFANYA WIKI HII

Usiifanye karatasi hii iwe ya kusomwa na kukunjwa. Mwenye duka, tazama bidhaa zako tatu zinazotengenezwa kwa mikono hapa hapa mjini, uulize kama zinaweza kuagizwa kwa mafundi wasioona. Mkubwa wa shule au wa ofisi, hesabu fagio, mikeka na chaki unazonunua kwa mwaka, utenge sehemu yake kwa agizo la mapema. Wenye likelemba, zamu moja ya mwaka iwe mtaji wa mudharaba. Vijana mnaojua kusoma na kuhesabu, jitoleeni kuwa macho ya daftari, mkiwa mmechaguliwa na wasioona wenyewe. Wenye toleka, mpelekeni fundi kazini kwa nauli ile ile ya wengine. Na wewe mzazi mwenye mtoto asiyeona, usimfiche nyumbani. Mtie shuleni, mfundishe kufunga, kusuka, kuhesabu fedha kwa vidole. Kila ujuzi utakaomwachia ni urithi ambao ndugu zake hawatagombania.

Ewe Mola wetu, tupe macho ya moyo yanayoona haki ya mwenzetu kabla hajaidai. Bariki mikono inayofanya kazi gizani, na uisafishe mizani yetu na dhulma. Wajalie wagonjwa wetu shifa, na mji wetu amani na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.